Shamba la Mama Mkwe Juu ya Paa

Nikisema niliwahi kulima juu ya vichwa vya watu, wanangu hucheka na kuniambia, "Mama, punguza chumvi." Chumvi gani? Nililima. Ilikuwa Homa Bay, miaka ya tisini, ule wakati magugumaji yalikuwa yameanza kulifunga ziwa hata ukisimama ufukweni unaona kijani tupu mahali pa maji. Tulipanga orofa ya juu ya jumba ambalo mwenyewe alikuwa hajalimaliza. Alikusudia kuongeza orofa nyingine, mambo yakamkwamia, akaacha nondo zimechomoza juu ya paa la saruji. Kila ukimwuliza ataendelea lini, anajibu, "Mwakani." Sisi wapangaji tulifunga kamba kwenye nondo zake tukaanika nguo, na huko huko juu ndiko nilikolima.

Wala sikulima kwa kupenda. Mimi ni mtoto wa Mfangano, kisiwani, watu wa samaki. Nikikupa jembe na nyavu uchague, mimi nishachukua nyavu. Nililima kwa sababu ya mguu wa mama mkwe wangu.

Mama alikuwa anaishi kwake, nje kidogo ya Migori, mjane mwenye mwana mmoja tu, mume wangu. Siku moja akajikata na jembe juu ya kisigino. Akaweka majani, kidonda kikafunga juu na kuoza chini, na mume wangu alipofika kumsalimia alimkuta amekaa kwenye kiti, mguu umevimba, anaamrisha watu wamsaidie kupalilia. Akamleta Homa Bay siku hiyo hiyo, yeye akilalamika njia nzima kwamba mahindi yake yanaachwa.

Hospitalini sista wa kufunga vidonda alikiangalia kile kidonda, akakisafisha, halafu akaniita pembeni. Akaniambia itachukua miezi, kufungwa na kubadilishwa siku baada ya siku, mpaka nyama ijae. Asiingie matopeni, asishike jembe. "Huyu mama akirudi shambani na kidonda hiki," akasema, "mtamrudisha hapa tuukate mguu." Mama yangu mzazi alifariki nikiwa msichana, na huyu wa Migori ndiye aliyenipokea, akinigombeza asubuhi na kunibakishia samaki jioni. Nilimpenda, basi, sina njia nyingine ya kulisema.

Kumbakiza mjini ndiyo ilikuwa kazi. Kwetu mzazi halali ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo tulimpangia kile chumba kidogo kilicho mwisho wa ngazi, mlango wake unafungukia paani, ambamo mwenye nyumba alikuwa akiweka chokaa na madebe ya rangi. Asubuhi ya kwanza alifungua mlango akaona saruji, nondo, suruali za wapangaji na tangi jeusi la maji. Akaufunga. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa ameshapanga nguo zake kwenye mkoba.

"Nyar Mfangano," akaniita, maana hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Mfangano, "mimi nitakufa hapa kwa kukaa. Naamka, nakula, nakaa. Hata kuku anachakura."

"Mama, sista amesema—"

"Sista ni mtoto. Na hii mboga yenu ya sokoni, hii osuga, imelala mpaka imesahau shamba. Ijumaa narudi kwangu."

Mume wangu alikuwa na kazi ya barabara upande wa Ndhiwa, anarudi nyumbani mwisho wa wiki amejaa vumbi. Alichoweza kusema ni, "Mama, vumilia." Wanaume! Niliyebaki na huo mkoba uliofungwa ni mimi, na mtoto mchanga mgongoni, na cherehani yangu ya kushonea sare za shule. Nikafikiri usiku wote. Kama mama hawezi kwenda shambani, basi shamba lije.

Nilipata matairi ya lori yaliyokwisha, nikayalaza juu ya saruji. Nikachota udongo mweusi pembeni mwa mji, nikaupandisha ngazi kwa mifuko ya simenti, mgongo ukilia. Sikujaza sana, kiasi cha kiganja tu, kwa sababu mgongo ulikuwa wangu. Siku mama alipopelekwa kubadilishwa bandeji, nikapanda sukuma wiki na osuga haraka haraka, nikafagia, nikakaa kumngoja nikiwa nimejawa na furaha kama mjinga.

Alirudi kwa boda boda ya baiskeli, ameketi upande, mguu mgonjwa ameunyosha mbele, akimkaripia mwendeshaji kwa kila shimo. Akapanda ngazi polepole, akishika ukuta. Akaona matairi yamemwagiliwa.

"Nani amepanda hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Kabla yangu?"

Nikajua nimekwisha. Kwetu mbegu ya kwanza ya msimu hutoka mkononi mwa mama wa boma. Tunaita golo kodhi. Mkaza mwana hagusi mbegu mpaka mama mkwe awe ametangulia, na ukimtangulia umeita mkosi nyumbani kwa jina lake. Nililijua jambo hili, jamani, nani asiyelijua? Lakini nani angefikiri linapanda mpaka juu ya nyumba ya kupanga?

"Mama, hii ni saruji. Si shamba."

"Kuna udongo?"

"Upo."

"Kuna mbegu?"

"Ipo."

"Sasa unaniambia nini?"

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo hata leo sijaliweza. Nilishuka nikashona sare tatu kwa fujo mpaka uzi ukakatika mara sijui ngapi. Nilitaka kumwambia aende basi na mguu wake. Sikumwambia.

Ijumaa ikapita mama akingoja kuona, mbegu zikaota, nikaringa. Asubuhi miche imesimama, ya kijani, mizuri. Adhuhuri imelala. Jioni inajaribu kuamka, na kesho yake haiamki. Wiki ya pili yote ilikuwa imekauka. Mama alipita pale akifanya "mmh," na hiyo "mmh" ilinichoma kuliko matusi. Mimi nikasema ni mbegu mbovu. Nikaenda sokoni kumgombeza mwanamke aliyeniuzia, nikamwaga maneno yote niliyokuwa nayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha sukuma wiki yake mwenyewe, mbegu ile ile, majani mapana kama masinia. Kisha akanipa pakiti nyingine bure, nadhani kwa kunihurumia. Nilirudi nyumbani nikipitia njia ya nyuma.

Mama ndiye aliyetoa shauri. "Tutafanya inavyotakiwa," akasema. "Hapa si kwangu, na mimi siwezi kuanzisha mbegu mahali pasipo pangu. Leta udongo wa shamba langu. Ukishakuwa hapa, hapa ni kwangu. Nitapanda mimi kwanza, kisha wewe."

Ungenicheka? Niliona ni afadhali kubeba udongo kuliko kubeba habari ya mguu uliokatwa. Nikamwachia jirani mtoto, nikaenda Migori, nikachimba pale pale alipoagiza, nyuma ya ghala, mahali alipokuwa akimwaga mbolea ya ng'ombe. Nikajaza magunia mawili, nikapata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa ikileta viazi vitamu Homa Bay.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha polisi. Wakati ule vitu vilikuwa vikivuka mpaka wa Tanzania kwa kila namna, na gunia lililofungwa vizuri lilikuwa na maswali. Afisa akalipapasa langu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni udongo."

"Udongo?"

"Udongo."

Akalifungua. Akachoma fimbo mpaka chini. Akachukua kidogo akanusa. Akalifungua la pili, akachoma tena. Dereva wangu alikuwa akitazama mbinguni kama mtu asiyenijua.

"Mama, hii ni udongo kweli."

"Si nimekuambia?"

"Kwani Homa Bay hakuna udongo?"

"Upo, afande. Lakini si wa mama mkwe."

Yule afisa alicheka akainama, akamwita mwenzake aje asikie, nikairudia. Huyo mwenzake, kumbe alikuwa Mjaluo wa Rongo, hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu akauliza, "Alikutangulia au ulimtangulia?" Nikamwambia nilimtangulia. "Wacha! Wapite," akasema, "huyu dada ana shida ya kutosha."

Basi mama akapanda. Alivaa nguo yake ya kanisani na kitambaa kichwani, akasali sala tunayoijua wote, kisha akaongeza maneno mengine ya Kijaluo cha zamani ambayo sijawahi kuyasikia kanisani. Alipanda dek, ile mboga chungu ambayo wengine huita saga, na osuga, na apoth, ule mlenda unaoteleza. Alipomaliza akanipa mbegu, "Sasa wewe," nami nikapanda tairi langu nyuma yake. Siku hiyo alikula vizuri. Akaufungua mkoba wake, akatoa leso, akaacha mkoba wazi.

Miche ilipotoa vichwa, alikuwa akitoka chumbani alfajiri kabla sijawasha jiko. Aliisemesha. Aliikagua mmoja mmoja. Halafu jua la Homa Bay likaja juu, siku zile ambazo hata mbwa hukaa chini ya malori, na miche ikaanza kulala adhuhuri. Nikakimbia na kopo, nikainyweshea maji ya tangi saa ile ile ya jua kali, mara mbili, mara tatu. Ikalala zaidi. Ikafa. Udongo wake mwenyewe, mkono wake mwenyewe, kwa utaratibu wote, na bado ikafa.

Hapo mama hakufanya "mmh." Nilitamani anilaumu, nilimtafutia hata sababu za kunilaumu, hakunilaumu. Jioni ya Jumamosi akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Udongo wangu umenikataa. Kuna jambo haliko sawa nyumbani. Jumatatu naenda." Na mkoba ukafungwa, safari hii kwa kamba.

Nilikaa kando yake nje ya kile chumba, mtoto amelala magotini. Jua lilikuwa limekwisha zama nyuma ya milima, upepo wa ziwani umeanza. Nilikuwa nikifikiria sista na msumeno. Ndipo akaja paka wa mtaa, yule wa rangi ya majivu ambaye nilikuwa nimemfukuza wiki nzima kwa kuwa nilimshuku analalia miche. Akaruka kwenye tairi, akazunguka, akajikunja. Nikamtupia kandambili. Akaondoka, akarudi pale pale.

"Huyu paka anasikia baridi?" mama akauliza.

"Baridi ya wapi, Homa Bay?"

Nikainuka nimtoe kwa mikono. Nilipomshika, tumbo lake lilikuwa la moto, moto wa pasi iliyoachwa juu ya nguo. Nikamweka chini nikatia mkono udongoni. Yesu wangu! Jua limezama, upepo unavuma, na udongo una joto la ugali uliofunikwa sufuriani. Nikachimba mpaka kwenye saruji. Chini ndiko kulikokuwa kubaya zaidi.

"Mama, njoo."

Akaja akichechemea. Akavua kiatu cha mguu mzima, akaukanyagisha udongoni, akaurudisha kama aliyeng'atwa.

"Yawa! Nyar Mfangano, hii si shamba, hii ni kikaango!"

Akang'oa mche mmoja uliokuwa bado una kijani kidogo. Mzizi ulikuwa wa kahawia, laini, ukiuminya unatoa maji. Akaunusa. Akanitazama, nikamtazama.

"Tumezipika kabla ya kuvuna," akasema.

Tulicheka. Tulicheka mpaka mtoto akaamka akalia, mpaka mpangaji wa chini akapiga kelele kuuliza kuna nini. Mama alifuta machozi kwa leso. Hakukuwa na mkosi wowote! Wala mimi sikumtangulia mtu vibaya, wala udongo haukumkataa. Jua lilikuwa likipiga saruji mchana kutwa, matairi meusi yananyonya joto, na kaudongo kangu ka kiganja kimoja katikati hakana pa kukimbilia. Kesho yake adhuhuri nikatia mkono chini ya bomba la lile tangi jeusi. Maji yalikuwa tayari kutiwa majani ya chai. Nami nilikuwa nimeimwagia miche hayo hayo, kwa huruma!

Jumatatu ikafika, mama akasema Jumatatu hazijaisha duniani, angoje kwanza aone.

Tukaanza upya, na safari hii mtoto wa samaki nilikuwa na la kuchangia. Nilishuka ufukweni kwa binamu zangu wanaoleta samaki kutoka kisiwani, wakanipa makreti ya mbao yaliyovunjika vunjika. Tuliyaweka juu ya mawe, ili upepo upite kati yake na saruji. Ndani tukatandika magugumaji makavu, unene wa godoro, halafu udongo wa mama, halafu ule mweusi, kina cha kutosha sasa, kisha magugumaji mengine juu kama blanketi. Ufukweni walinicheka wee! Wavuvi wanayalaani yale magugu usiku na mchana, yamewaharibia nyavu, yamewafungia njia, halafu wanamwona mwanamke anayakusanya, anayaanika kwenye mchanga, anayabeba. "Shemeji, chukua yote!" walikuwa wakipiga kelele. "Ukimaliza haya, tuna mengine!"

Matairi yakabaki kuwa ukingo wa pembeni. Mwenye nyumba alipopanda kuangalia, alikuja akihema, mkononi fimbo ya kupimia, amejiandaa kugomba. Alikuwa na haki, udongo ni mzito na paa ni lake. Mama akamkaribisha kwenye kigoda kama aliyeingia bomani kwake, akamwuliza habari za wazazi wake, wa kuumeni na wa kukeni, mpaka yule mzee akasahau nusu ya hasira. Mwishowe akatuonyesha mahali boriti zilipopita chini, akasema mizigo yote ikae juu ya boriti, katikati pabaki wazi, na hayo matairi meusi tuyapake chokaa kwa sababu barabarani yanamtia aibu. Tukayapaka kwa chokaa yake mwenyewe. Kumbe alitusaidia asivyojua, maana tairi jeupe halikushika moto kama jeusi. Sikumwambia. Angedai sifa mpaka leo.

Maji tulichota jioni, tukayaacha yapoe kwenye ndoo, tukamwagilia alfajiri. Nami nikawa napima udongo kila mchana kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Mama alinicheka sana.

"Unaogesha shamba?"

"Naangalia lisiungue, mama."

"Basi lipake na mafuta."

Lakini siku moja nilimkuta naye amekunja mkono wa gauni, kiwiko ndani ya kreti, macho amefumba akisikiliza. Nilirudi nyuma kimya kimya.

Alipanda yeye kwanza, bila shaka. Mimi baada yake. Na miche ikasimama. Adhuhuri imesimama! Sijawahi kufurahia kitu kilichosimama tu namna ile. Dek ilijaa, osuga ikatoa matawi, apoth ikafika magotini. Si vyote vilivyotukubali. Nyanya zilitoa maua yakaanguka, zikatoa tena yakaanguka tena, na kunde ziliisha midomoni mwa ndege. Lakini tulichemsha dek tukaiweka na maziwa ilale, na kesho yake mama alikula akiwa amefumba macho. Tulimpelekea mwenye nyumba bakuli. Tulimpelekea yule mwanamke wa mbegu sokoni fungu zima, nikamwomba radhi kwa mikono miwili. Hata nyumbani kwetu kulibadilika. Sebule iliyokuwa chini ya makreti ilipoa, na mtoto, ambaye alikuwa halali mchana kwa joto, akawa analala mpaka namwamsha.

Mkoba ulikaa chini ya kitanda. Kila siku ya bandeji, boda boda ilimngoja mlangoni, mama anaondoka na mguu wake umefungwa vizuri, anarudi baadaye na habari za mji mzima. Mume wangu akija mwisho wa wiki alikuwa akipanda juu kumsalimia, wanakaa kati ya mboga, anamsikia mama yake akicheka. Nilihesabu kila siku iliyopita kama ushindi wangu. Nilijisifu moyoni kwamba nimemshinda, nimemtega kwa majani ya osuga mpaka mguu upone.

Halafu kukaja oda ya mashuka. Hospitali walitaka kushonewa, nikaenda kuchukua vipimo. Kwenye ukumbi nikakutana na yule sista.

"Aisee, mama yako hajambo?" akaniuliza. "Mguu haujamsumbua tena?"

"Si ulimwona juzi?"

"Juzi? Huyo tulimwachilia kitambo. Kidonda kimefunga safi kabisa, nilimwambia aende akalime. Alitubariki wote humu ndani."

Nilisimama pale na futi yangu ya kupimia mkononi. Nikakumbuka asubuhi ile ile nilivyomshika mkono kwenye ngazi, akishuka hatua kwa hatua, akiguna. Nikacheka, kisha nikakasirika, kisha sikujua ni lipi. Mashuka niliyapima vibaya, ilibidi nirudi siku nyingine.

Nilipanda ngazi bila kelele. Mlango wa paa ulikuwa wazi. Mama alikuwa amechuchumaa kati ya makreti, miguu yote miwili imekanyaga sawasawa, anang'oa magugu kwa kasi ya msichana, bandeji imetundikwa juu ya nondo pamoja na nguo za wapangaji. Alipogeuka akaniona, hakushtuka. Alikaa chini tu, juu ya ukingo wa tairi. Kovu lilikuwa jembamba, linang'aa.

"Boda boda hukupeleka wapi?" nikauliza.

"Ufukweni. Nakaa na wale mama wanaoanika omena. Wanajua maneno mengi."

"Mama, mimi nilikuwa silali kwa ajili ya huo mguu!"

"Najua." Akachukua jani la osuga akalikunja kunja vidoleni. "Ningekuambia, ungesema nini? Mungekodi gari. Mungenisindikiza vizuri sana." Akalitupa lile jani. "Kule kwangu nikipika, nyathina, napika kidogo mno. Sufuria haijui kama imewekwa motoni."

Mwanangu, aliniita. Sikuwa nimewahi kusikia akiniita hivyo. Nilitaka kusema jambo kubwa, badala yake nikaanza kulia, mimi niliyepanda nikiwa na hotuba nzima ya kumgombeza. Wakati huo huo tukasikia viatu vya mume wangu kwenye ngazi, ilikuwa Ijumaa. Mama akainyoshea mkono bandeji. Nikamtangulia, nikaitoa kwenye nondo, nikapiga magoti mbele yake. Nikamfunga kuanzia kwenye vidole kupanda juu, nikikaza vizuri, kama nilivyomwona sista akifanya.

Mume wangu akatokeza mlangoni na vumbi lake la Ndhiwa. Akatuangalia, akamsalimia mama, kisha akaniuliza mimi mguu unaendeleaje.

"Haujapona," nikamwambia. "Sista amesema tusiwe na haraka."